Jina Lake Nini? Mchoro, Shairi na Mgongo wa Mvaa Kanga

Mtu anayenunua kanga Bagamoyo haulizi nguo imeandikwa nini. Anauliza, "Jina lake nini?" Muuzaji huchomoa doti kwenye rundo, huifunua nusu, kisha husoma kwa sauti mstari mmoja uliochapwa juu ya pindo la chini. Mnunuzi akilipenda jina na asiipende rangi, huomba jina lilelile kwenye rangi nyingine. Akiipenda rangi na jina likamkwaza, huirudisha. Kwa dakika mbili hizo amefanya kazi ambayo sisi wahakiki hatujaifanya vya kutosha: ametazama mchoro, amesoma shairi, na ameamua kama viwili hivyo vinaweza kukaa mwilini mwake.

Sisi tumegawana. Watu wa fasihi wamechukua majina. Wameyakusanya, wameyapanga kwa mada, mapenzi huku, wivu kule, dini pale, na wameyachapa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe kana kwamba hayakuwahi kuwa na rangi. Watu wa sanaa za ufundi wamechukua michoro. Wanaeleza korosho, maua, vidoa na misalaba, halafu maneno huwa maelezo madogo chini ya picha. Hata makumbusho makubwa, kama British Museum ambayo mwaka 2013 ilifanya maonyesho ya vitambaa vya Afrika na kanga zikiwemo, hulazimika kuitandaza nguo ukutani ili ionekane yote kwa mara moja. Hakuna mwanamke wa Mrima anayeivaa kanga namna hiyo.

Katika makala haya naiona kanga kuwa ni kazi moja ya sanaa, mchoro na shairi pamoja, na nauliza swali la mhakiki: vitu viwili hivi vinasaidianaje? Jibu langu ni kwamba katika kanga iliyo nzuri havielezani. Mchoro hauchori kilichosemwa na maneno hayasemi kilichochorwa. Kati yao kuna nafasi, na nafasi hiyo ni ya mvaaji. Kazi yoyote inayodai kuchota kwenye kanga, iwe ya jukwaani, ya dukani au ya ukumbi wa maonyesho ng'ambo, inafaa ipimwe kwa nafasi hiyo.

Tuanze na nguo yenyewe. Kanga ni kitambaa cha pamba chenye upana wa zaidi ya mita moja na urefu wa kama mita moja na nusu. Ina sehemu tatu, na kila mtu wa pwani anazijua: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina. Mimi huyaona maneno haya kuwa ni uhakiki tayari. Aliyeita uwanja wa katikati "mji" aliona kitu kilichozungushiwa ukuta, chenye ndani na nje. Aliyeita mstari wa maneno "jina" alikataa kuuita maandishi au ujumbe. Nguo bila jina inafunika mwili, lakini huwezi kuiagiza wala kuikumbuka kwa urahisi. Kisutu, kanga ya arusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuweza kusimama bila jina, kwa sababu rangi zake zimekwisha kuwa jina.

Je, jina ni shairi? Wapo wanaosema ni methali tu, au msemo wa mtaani uliobahatika kupata wino. Tuhesabu mizani. "Akufaaye kwa dhiki" ina mizani nane, sawa kabisa na kipande kimoja cha shairi la Kiswahili. "Ndiye rafiki" ina tano, na vina vinagongana: dhiki, rafiki. "Usisafirie nyota ya mwenzio" inaanza kwa nane, "usisafirie nyota", halafu inakatika kwa nne, "ya mwenzio". Sikio lililolelewa na tenzi na mashairi ya tarabu linasubiri kipande cha pili kijae, na hakijai. Ule upungufu ndio unaouma. Mstari umesimama kama mtu aliyeanza kusema jambo akamwona mhusika anaingia mlangoni. Anayedai kwamba huu si utunzi inabidi aeleze kwa nini msemo huu ukiupanua, ukasema "usiitumie nyota ya mwenzako kusafiria", unakufa papo hapo.

Sisemi kwamba kila jina ni zuri. Mengi ni dhaifu, na mhakiki anayeyasifu yote anaikosea kanga heshima. Jina dhaifu hujulikana kwa kumaliza kila kitu. Nitunge moja la mfano: "Nakupenda sana mpenzi wa moyo wangu". Hapo anayesema anajulikana, anayeambiwa anajulikana, na jambo lenyewe limeisha. Mvaaji hana la kuongeza ila kuwa mke wa mtu fulani. Jina zuri huacha kiti kitupu. "Wema hauozi" ina mizani sita tu, lakini nani kamtendea nani wema? Anayevaa ndiye aliyetenda, au ndiye aliyetendewa na sasa anashukuru? Au anamkumbusha mtu deni? Maneno mawili hayo yanaweza kwenda kwenye arusi, kwenye msiba, na kwenye baraza la ndugu waliogombania shamba.

Nafasi hii ilizaliwaje? Hapa historia ya pwani yetu inasaidia. Katikati ya karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Ujiji kupitia Tabora, na mzigo mkubwa uliokwenda bara ulikuwa nguo. Nguo ilikuwa fedha. Ilipimwa kwa mkono, kwa shuka ya mikono minne, na kwa doti ya mikono minane. Doti tunayonunua leo ni neno la wapagazi na wenye misafara. Nguo iliyotawala ilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ambao biashara yao na Zanzibar ilipewa mkataba mwaka 1833. Iliyotiwa rangi ya nili ikawa kaniki.

Kisha wanawake wa miji ya pwani wakafanya jambo ambalo hakuna kiwanda kilichowaagiza. Walinunua leso zilizochapwa, zile za mkononi zenye jina la Kireno, zikiwa bado hazijakatwa kutoka kwenye jora. Walichukua sita, tatu kwa tatu, wakazishona pamoja zikawa nguo moja. Wafanyabiashara waliona, wakaagiza vitambaa vizima vyenye sura hiyo. Mombasa na Lamu jina la leso limebaki hadi leo. Mwanzoni nguo hizi hazikuwa na maneno. Maneno yalikuja baadaye, kwa hati ya Kiarabu kwanza, kisha kwa herufi za Kirumi. Kwa hiyo mchoro ulitangulia, na shairi lilipofika lilikuta nyumba imekwisha kujengwa. Likapewa chumba kimoja, kisanduku chembamba juu ya pindo. Ndiyo sababu kiwandani mchoro mmoja hutoka na majina mbalimbali, na jina moja hupita juu ya michoro mbalimbali.

Tuitazame kidogo sehemu nyingine ya dunia ambako pamba ya Marekani ilifika wakati huohuo. Katika visiwa vya Hawaii nguo ya jadi ilikuwa kapa, iliyopatikana kwa kuponda gome la ndani la mti uitwao wauke mpaka likawa laini, kisha kupigwa chapa za mistari na pembetatu kwa vipande vya mianzi vilivyochongwa. Mchoro ulikuwa kwenye nguo, na shairi lilikuwa kinywani. Maandishi yaliingia na wamisionari waliotoka Boston na kufika mwaka 1820. Lakini katika hula, ngoma ya visiwa hivyo, mchezaji alijifunga kiunoni nguo ya kapa iitwayo pa'u huku shairi likiimbwa, hivyo nguo na utenzi vilikutana mahali pamoja, kwenye mwili unaotembea. Pamba ya dukani ilipoenea, kapa ilikufa karibu yote mwishoni mwa karne ya 19, ikaja kufufuliwa na wasanii katika miaka ya 1970. Wasanii wa leo wanaochora nguo hizo na kuziandikia mashairi wanajaribu kuunganisha tena kilichotenganishwa. Kwetu pamba ilileta jambo tofauti: iligeuka ukurasa. Ila fundisho ni lilelile. Mchoro na shairi vilihitaji mwili ili viwe kitu kimoja.

Sasa tuufuate mwili huo. Kanga ya chini ikifungwa kiunoni, jina huangukia nyuma. Ya juu ikitupwa mabegani au ikifunika kichwa, jina hukaa mgongoni. Mvaaji halioni jina lake mwenyewe. Anayekutana naye uso kwa uso naye halioni. Anaona rangi, anaona pindo, anatoa salamu na kuitikiwa. Jina husomwa na anayebaki nyuma, mwenye nguo akiwa amekwisha kupita. Sijui aina nyingine ya ushairi iliyopangwa hivi, ambapo mstari unafika wakati mwenye kuusema anaondoka na hawezi kuulizwa.

Hapo ndipo faida ya mchoro usioeleza inapoonekana. Chukua "Usisafirie nyota ya mwenzio" juu ya mji wa korosho. Mke mwenza akiisoma, anaisoma kwa lake. Jirani aliyefungua genge la pili la maandazi mtaa uleule anaisoma kwa lake. Wifi naye ana lake. Akitokea wa kulalamika, jibu liko tayari: kwani nguo yangu imekutaja? Kanga ina jina, lakini haimtaji mtu jina. Na mvaaji ana kinga ya pili ambayo wahakiki wa fasihi huisahau: anaweza kusema aliipendea korosho. Mchoro ni shahidi wake. Laiti mji ungekuwa na picha ya mwanamke anayeiba nyota ya mwenzake, kinga hiyo ingekuwa imekwisha, na pamoja nayo sehemu kubwa ya fumbo. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua. Kanga inaongeza la tatu: na mwenye kulifumba awe na njia ya kutokea.

Jambo hili si mchezo wa maneno tu. Katika nyumba nyingi za pwani mkwe mdogo hawezi kumjibu mama mkwe, na mke hawezi kumwambia mume mbele ya wageni kwamba anajua anakokwenda usiku. Anaweza kubadilisha nguo. Ushairi wa kanga umelindwa na nidhamu ileile inayowanyamazisha waliovaa, kwa kuwa adabu inayomkataza kusema ndiyo inayomkataza mwingine kuuliza maana ya nguo yake.

Kuna hoja ya kunipinga, nayo ni nzito. Mtu atasema: mchoro na jina havifanani kwa sababu ya ubahili wa kiwanda tu. Kubadilisha mstari mmoja wa maneno ni rahisi kuliko kuchonga mji mzima upya, basi unatafuta falsafa kwenye hesabu za gharama. Nakubali kuhusu chanzo. Lakini chanzo cha desturi hakiamui thamani yake. Mashairi yetu mengi yana vina vya kati na vya mwisho kwa sababu sauti na ngoma zilidai hivyo, na hakuna anayesema kwamba kina ni ajali ya ngoma. Kiwanda kiliacha pengo kwa kubana matumizi. Wanawake waliligeuza pengo kuwa chombo. Na ushahidi uko dukani, pale mnunuzi anapochagua jina na rangi kila kimoja kivyake kisha kuvipatanisha. Angekuwa anataka picha ya maneno, soko lingekwisha kumpa.

Na mara nyingine soko humpa. Zipo kanga ambazo mchoro na maneno vimekubaliana kabisa: kanga za kampeni, kanga za sikukuu za taifa, kanga za viongozi. Uso wa kiongozi uko katikati ya mji, na jina linamtakia maisha marefu au linamuombea ushindi. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2008 sura ya Barack Obama ilizunguka pwani nzima kwa njia hii. Zikitazamwa kama kumbukumbu, kanga hizi zina thamani kubwa, mwanahistoria atazishukuru. Zikitazamwa kama kazi ya sanaa, zimempora mvaaji nafasi. Hawezi kufumba, hawezi kuelekeza neno kwa mtu, hawezi kusema aliipendea korosho. Amekuwa bango linalotembea. Si bure kwamba kanga hizi huishia haraka kwenye kazi za shamba na kudekia sakafu, huku ile yenye fumbo ikikunjwa sandukuni.

Upungufu wa aina ya pili uko karibu nasi zaidi. Bagamoyo ni mji wa wasanii. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na mitaa ya mji mkongwe ina wachoraji wanaouza kazi zao kwa wageni. Picha ya mwanamke aliyevaa kanga ni mojawapo ya bidhaa zinazopatikana kote, kuanzia hapa hadi kwenye vibanda vya Mwenge, Dar es Salaam. Mkono wa mchoraji mara nyingi ni mzuri. Mikunjo ya nguo inaonekana, rangi zinaimba. Lakini tazama jina lilipo. Limehamishwa, limewekwa mbele au ubavuni, limenyooshwa ili mtalii alisome bila shida, na mara nyingi ni msemo ambao mtalii anaujua kabla hajashuka ndege. Mwanamke wa kwenye picha amegeuzwa amtazame mnunuzi na maneno yamegeuzwa pamoja naye. Kilichokuwa neno la mgongoni kimekuwa karibu-mgeni. Mchoraji aliyetaka kuwa mkweli angemchora kwa nyuma, akitembea kuelekea soko la samaki, herufi tatu zikisomeka na nyingine zimemezwa na mkunjo.

Jukwaani nako kuna somo. Mchezaji wa ngoma akijifunga kibwebwe, jina hukunjwa ndani na halisomeki kabisa. Wengi hudhani basi jina halina kazi, na kanga za jukwaani huchaguliwa kwa rangi tu ili kundi lipendeze. Lakini katika shughuli za nyumbani, wanawake wakivaa sare, jina huchaguliwa kwa mjadala mrefu kuliko rangi, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba baada ya ngoma kibwebwe kitafunguliwa, nguo itatandazwa begani, na watu watasoma njiani. Jina lililofichwa kwa saa mbili linasubiri zamu yake. Mkurugenzi wa jukwaa anayelijua hilo ana silaha mkononi: tendo la kufungua kibwebwe linaweza kuwa mstari wa mwisho wa mchezo.

Nimeacha makusudi mpaka sasa msanii ambaye ameifanyia kanga kazi kubwa zaidi katika sanaa ya kimataifa. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, ng'ambo tu ya maji tunayoyatazama kutoka ufukwe wa Bagamoyo. Baba yake alifariki kwa malaria angali mtoto mchanga, na mama yake, aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, akampeleka Uingereza. Mwaka 2017 alipata Turner Prize, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Anaishi na kufanya kazi Preston, katika Lancashire, eneo la viwanda vya pamba. Na ni Manchester, jirani hapo, ambako kanga nyingi za pwani yetu ziliwahi kuchapwa. Kwa hiyo anachora mahali ambapo nguo ilitoka, kuhusu mahali ambapo nguo ilivaliwa.

Huku Mrima kazi zake tunaziona kwa picha. Mfululizo wake mmoja unaitwa Kangas from the Lost Sample Book, yaani kanga kutoka kitabu cha sampuli kilichopotea. Ni michoro ya karatasi yenye sura ya kanga: pindo, mji, maneno. Jina la mfululizo lenyewe ni hakiki kali. Kitabu cha sampuli ni kile ambacho mfanyabiashara alikifungua mezani ili achague atakachoagiza. Ndani yake kanga ni kipande kisicho na mtu. Himid anajifanya amekiokota kitabu hicho, na katika kurasa zake anaweka kanga ambazo hakuna aliyeziagiza. Kazi nyingine, za mwaka 2018, ni vitambaa vilivyotundikwa kama bendera, ambavyo vilining'inizwa katika maonyesho yake makubwa ya Tate Modern, London, yaliyofunguliwa mwaka 2021. Vina michoro ya viungo vya mwili wa binadamu na maneno mafupi ya Kiingereza.

Nizipime kwa kipimo changu. Jambo la kwanza, na ndilo linalomtofautisha na wengi waliochota kanga kwa ajili ya mitindo na mapambo, ni kwamba ameuelewa mwachano wa mchoro na neno. Kiungo kilichochorwa hakielezi mstari ulioandikwa chini yake, wala mstari hauelezi kiungo. Mtazamaji anaachwa katikati, naye lazima ajitafutie maana, kama jirani mwenye genge la maandazi. Anapochora viungo vya mwili mahali pa korosho, nadhani anakiri pia kinachokosekana: ukutani hakuna mwanamke ndani ya nguo, basi mwili umelazimika kurudi kama mchoro. Huo ni uaminifu mkubwa wa msanii kwa chanzo chake.

Jambo la pili ni pungufu ambalo hata yeye hawezi kuliziba. Bendera haina mgongo. Kazi iliyotundikwa inasomeka na kila aingiaye, kwa muda autakao, na pembeni kuna kibao chenye jina la mtunzi. Neno lililokuwa halina mwenyewe limepata mwenyewe. Hakuna anayeweza kusema aliipendea korosho. Kwa msanii anayetaka historia ya watu weusi isifichwe tena, kujitaja ni ushindi, na simlaumu. Lakini tukubali kwamba hapo kanga imebadilisha kazi. Ilikuwa njia ya kusema bila kuonekana umesema. Imekuwa njia ya kuonekana kwa waliokuwa hawaonekani. Kazi mbili hizo ni halali, ila si moja, na mhakiki anayeziita zote "urithi wa kanga" bila kutofautisha amelala.

Suala la majina ya watunzi linarudi hadi dukani kwetu. Tazama kanga ya zamani ya Mombasa: pembeni imechapwa Mali ya Abdulla. Abdulla ni jina alilojulikana nalo Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887. Tanzania tulipopata viwanda vyetu, kama Urafiki kilichozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, pembeni pakakaa jina la kiwanda. Jina la aliyechora mji halipo. Jina la aliyetunga mstari wa mizani nane na nne halipo. Kwa mvaaji kutokujulikana huko ni ngao, na singependa aondolewe. Kwa mtunzi na mchoraji ni hasara tupu: wamefanya kazi inayosomwa na watu wengi kuliko diwani yoyote iliyochapwa nchini, na hakuna hata daftari moja linalosema walikuwa nani.

Hapa mhakiki anaweza kufaa kitu. Magazeti yetu huhakiki riwaya, nyimbo na filamu. Hayahakiki kanga. Toleo jipya likifika sokoni kabla ya sikukuu, hakuna anayeandika kwamba jina hili lina mizani iliyokatika vizuri, kwamba rangi ile imelibeba au imelizamisha, kwamba mchoro huu umekuwa mwoga mno ukaamua kueleza. Tungeanza na jambo dogo. Kila anayeandika kuhusu kanga aandike vitu vitano: jina, mchoro wa mji na pindo, rangi, kiwanda na mwaka, na mahali alipoiona ikivaliwa. Kiwanda kiulizwe nani alichora na nani alitunga, na jibu lichapwe. La mvaaji lisiulizwe.

Na atakayetaka kulianza zoezi hilo hahitaji kwenda mbali. Apande daladala ya asubuhi itokayo Bagamoyo kupitia Kerege, Mapinga na Bunju, akae kiti cha nyuma, na kila kituo abiria wanaposhuka asome.